Kijino Pembeni mwa Gasketi

Mama Furaha,

Wewe uliyejua kuandika umelala chini ya udongo, na mimi nisiyejua vizuri ndiye nimekaa hapa kwenye meza yako ya kukatia nguo na penseli ya seremala. Mtoto wetu Furaha amekataa kuniandikia. Amesema Kiswahili chake ni cha kusikia tu, na tena haya ni ya kwetu wawili. Basi herufi zikilala upande zisome hivyo hivyo.

Nakuandikia kwa sababu nimesema ukweli juu yako na hakuna anayeniamini. Mimi, ambaye uongo wangu wote uliaminiwa. Barua hii nitaibandika kwenye mlango wa garaji, isomwe na kila anayepita, kwa hiyo mambo mengine unayoyajua nitayaeleza kwa ajili yao.

Kwanza wajue mimi ni nani. Huku ugenini tulikohamia, mtaa wa Troyeville wote, shuka mpaka Bertrams, mtu akiwa na injini ya zamani anaambiwa ipeleke kwa mzee wa Lubumbashi. Mafundi wa siku hizi wanachomeka kompyuta, na injini isiyo na pa kuchomeka wanaitazama kama maiti ya jirani. Mimi naiwasha, nainamisha sikio, nasema manifoldi inavuja, silinda ya tatu. Napatia. Katika maisha yangu nimekosea mara moja tu, na hiyo moja nitaieleza humu mwenyewe kabla hajaieleza mtu mwingine vibaya.

Manifoldi, kwa wasiojua, ni mabomba mawili ya chuma ubavuni mwa injini. Moja linaingiza hewa na petroli, jingine linatoa moto na moshi. Katika injini za zamani yote mawili hukaa upande mmoja, yamefungwa pamoja katikati kama ndugu waliogombana wakalazwa kitanda kimoja. Kati yao na injini kuna gasketi moja, bapa, yenye matundu. Ikikaa vibaya, injini inakohoa na moshi unaenda usikotakiwa.

Unakumbuka gari la yule mwalimu Mkenya wa chuo kikuu cha Braamfontein? Gasketi yake haikuuzwa tena popote. Nilizunguka siku tatu nikarudi nikitukana. Wewe ulikuwa unashona gauni la harusi. Uliacha gauni, ukaja uani na karatasi ya kaki, ukaibandika ubavuni mwa injini, ukachovya kidole kwenye oili chafu na kusugua. Matundu yote yakajichora. Ukaikata kwa mkasi wako mkubwa, ukalaza kielelezo juu ya karatasi ya gasketi yenye waya ndani, ukakata tena. Ukachukua rula yako ya chuma, ukaisimamisha kwenye uso wa manifoldi na kuchungulia mwanga chini yake. Ukasema imepinda.

Nilikujibu kwamba rula hiyo ni ya kupimia mapaja ya wanawake. Ulicheka kidogo. Halafu kweli ilikuwa imepinda, nikaipeleka kusawazishwa, na mwalimu nikamwambia nimeiona kwa jicho.

Na ile ya kukaza. Nilikuwa nayafunga mabomba yale mawili kwa nguvu mezani kwanza, ndipo nayapeleka kwenye injini, na mara mbili sikio la chuma likakatika. Ulikuwa mlangoni na pini mdomoni. Ukaniuliza, "Baba Furaha, kwa nini unashona kabla ya kupiga bandi?"

Nikakwambia chuma si kitambaa, nenda kapike.

Kesho yake, ulipokwenda kununua uzi, nikapiga bandi, yaani kushikiza kwa kulegea kwanza, kama mshonaji kabla ya kushona. Nati zote kwa vidole tu, zilegee, mabomba yajitafutie nafasi yao. Kisha nikakaza kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, mizunguko mitatu. Mwisho ndipo zile zinazoyaunganisha yenyewe kwa yenyewe. Nikawasha, ikapata moto, nikaiacha ipoe, nikakaza tena. Haikuvuja hata punje. Uliporudi nilikwambia nimeota jinsi ya kufanya.

"Ndoto nzuri," ulisema, ukaingia ndani na uzi wako.

Miaka yote ile ikapita hivyo. Wewe ukikata, mimi nikifunga, jina likienda kwenye kibao cha nje: Mfalme wa Injini za Zamani. Vielelezo vyako ulivitunza kwenye sanduku la biskuti, na kwa kuwa kusoma kwangu ni kwa kubahatisha, kila kimoja ulikichorea picha ya gari lake. Lile la mwalimu ulilichora na mtu mwenye miwani ndani. Nilikuwa nalifungua sanduku lile kama watu wengine wanavyofungua gazeti.

Sasa wasome hili. Siku mchungaji wetu alipoleta kombi ya kanisa kwa mara ya kwanza, alikuja na wazee wanne, na wewe ulikuwa umesimama pale pale, mkasi mkononi, gasketi ya kombi yao mkono wa pili. Mchungaji akauliza ni nani anayekata kazi safi namna ile. Ulinitazama. Si mara nyingi ulinitazama vile.

Nikasema, "Mimi. Huyu anashona sketi."

Wazee wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Ukanipa ile gasketi mkononi, ukauweka mkasi mezani, na hukukata tena. Wiki mbili nilikuomba, yaani nilikuamuru, wewe unasema sketi zimekuwa nyingi. Mchana mmoja nikachukua sanduku la biskuti, nikalimwaga kwenye pipa la moto pale uani mbele ya macho yako, ili ujue garaji ni ya nani. Karatasi za kaki zinashika moto upesi. Nilimwona mtu mwenye miwani akijikunja.

Hukulia. Ulisema, "Sasa utasoma nini?" Ukarudi kwenye cherehani.

Ulikuwa na ulimi mfupi na mkali. Miaka minane baada ya hapo ulinipikia, ulinifulia ovaroli, ulinizungumzia habari za hali ya hewa. Nami nilipaka silikoni nyekundu, gundi ya kuzibia, kila mahali badala ya gasketi, hata pale ambapo moto wa ekzosi unaiunguza kwa siku tano, na magari yakaanza kurudi. Ulikuwa unayaona dirishani yakirudi. Uliendelea kushona. Sijui nani kati yetu alikuwa mkatili zaidi, lakini kwa kuwa napenda kuwa wa kwanza, weka jina langu.

Ukafa mwezi wa baridi. Nilikununulia jeneza zuri kuliko la kaka yako, hilo kila mtu aliliona.

Kombi ya kanisa ikarudi mwaka huu. Gasketi yako ilikuwa bado nzima, ila manifoldi yenyewe ilipata ufa, nikapata nyingine kwenye magari mabovu. Nilipoifungua, gasketi yako nikaiweka mezani niifuatishe. Nikaona pembeni kijino kidogo, kama mkasi uliteleza. Nikafurahi, Mama Furaha. Nilifurahi kukukuta umekosea. Nikakata yangu bila kile kijino, nikamwambia dereva wa kombi kwamba nimeisahihisha.

Nikaifunga. Matundu ya bolti yalikubali yote. Jumamosi kwaya wakapanda kwenda harusini, wanawake kumi na mmoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya nywele zao. Kwenye robot ya tatu, yaani taa za barabarani, wakaanza kutapika kwa moshi. Yule mama wa sauti nene alilazwa kwenye lami, nguo yake ya kwendea harusini imejaa matapishi, watu wakimpepea na vitabu vya nyimbo. Hakufa mtu. Nilimlaumu dereva kwanza, kwa sauti kubwa.

Jumatatu nikaifungua. Kwenye kila tundu la moshi palikuwa na hilali nyeusi ya masizi, mahali gasketi yangu ilipoacha wazi. Nilikuwa nimeigeuza upande, juu kuwa chini. Nikaichukua yako kwenye msumari nilipoitundika, nikaizungusha mpaka kijino kikakaa juu, upande wa feni. Matundu yote yakatulia.

Sikukubali. Unanijua. Nikafungua gari la mwalimu Mkenya, lililokuwa hapa kwa breki tu. Kijino, juu, upande wa feni. Nikafungua la tatu. Kijino. Alama za mshonaji, zile mnazotia kwenye kitambaa ili bega lijue bega lake.

Ndipo nikakumbuka jinsi ulivyokuwa ukinipa. Hukuwahi kuniwekea gasketi mezani. Ulinipa mkononi, siku zote, dole gumba lako limefunika pembe moja, nami nikiipokea pale pale ulipoishika nikaipeleka moja kwa moja kwenye injini. Nilidhani ni adabu ya mke. Ulikuwa unanielekeza kama kipofu anavyoshikwa kiwiko barabarani, na hukutaka nijue. Hata siku ya sketi ulinipa hivyo hivyo, dole likiwa pembeni.

Nikakata mpya, na kijino chake. Kombi ikapona. Jumapili nikaomba nafasi kanisani, nikasimama na suti yangu ya kijivu, nikasema, "Gasketi zote alikata mke wangu. Na kupiga bandi ni akili yake. Mimi nilikuwa naiba."

Mchungaji akajifuta macho, akasema, "Mnaona upendo? Mzee anamvika marehemu taji lake mwenyewe." Wakapiga makofi. Nikasema sitanii. Wakapiga zaidi. Nikamwita mzee mmoja mjinga, akanikumbatia. Mama wa sauti nene, yule niliyemlaza barabarani, akaniambia hakujua kwamba nina moyo mnyenyekevu hivi. Mimi! Na mwalimu Mkenya alipokuja kuchukua gari lake, akakiona kile kijino, akakiulizia. Nikamwambia ni alama yako, Mama Furaha. Akatabasamu akaniambia sasa ameelewa, kila fundi mkubwa ana sahihi yake, na hii ndiyo yangu.

Hivi ndivyo nilivyo fundi. Uongo nilioufunga mimi hauvuji. Naugonga sasa kwa nyundo, na haufunguki.

Sikuombi msamaha. Ungenipa upesi, na mimi sipendi kazi ya upesi. Nataka tu usikie kwamba nimejaribu na nimeshindwa, neno ambalo hukuwahi kulisikia kinywani mwangu. Kibao cha nje nimekishusha. Mkasi wako uko kwenye msumari pale ilipokuwa gasketi ya kombi, na asiyejua akiugusa nampiga mkono. Gasketi nazikata, lakini nikimaliza hakuna wa kunipa, basi naziweka mezani, nazunguka upande wa pili, nazipokea mwenyewe kwa pembe yenye kijino.

Lala, mama. Huko chini hakuvuji.

Ni mimi, mume wako, mwizi wako.

Naongeza hapa chini. Nimeibandika barua hii asubuhi mlangoni, kwa silikoni nyekundu, kazi pekee inayoifaa. Mteja wa kwanza ameisoma yote akiwa amesimama, mpaka mwisho. Nikamngoja. Akanipiga begani akasema, "Eish, mzee. Kumbe hata kutunga unaweza."