Simu Iliyobaki Kitini

Babu, mama zangu wakubwa, Mjomba mheshimiwa mbunge, nanyi wadogo zangu,

Nasema nanyi katika kikao hiki cha familia kwa barua kwa sababu hospitali imeninyima likizo. Mwanangu ameota jino na anang'ata kila anayembeba.

Mjomba, nasikia unawaambia wapiga kura kwamba uliupinga muswada wa kuvunja vibanda vya soko bila fidia. Siku ile nilikuwa bungeni, kwenye viti vya wageni. Wabunge walipoanza kuitwa majina ili wapige kura, ulitoka. Baadaye ukaniambia, "Mpwa wangu, daktari alinipigia simu, ningefanyaje?" Huenda. Ila simu yako niliiona imelala kitini pako mpaka uliporudi, na muswada ulikuwa umeshapita.

Mama yangu, dada yako, anashona katika kimojawapo cha vibanda hivyo. Kikivunjwa, hana pengine pa kupeleka cherehani yake.

Jumamosi unataka kuzindua kampeni uani kwake. Ua ni wake, naye ameridhia niseme hivi: leo, mbele ya Babu, eleza ulikuwa wapi. Mjomba asipoeleza, wadogo zangu, Jumamosi lango lisifunguliwe.

Wenu niliye mbali,
Muuguzi