Mbegu Iliyoishinda Kutu

Swahiba, kaa chini kwanza. Nimekula mbegu. Nimekula mbegu yetu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu!

Si unayakumbuka yale mashina machache ya maharage yaliyogoma kuingia kutu, ugonjwa huu wa majani, shamba lote likiteketea? Niliyafunga vitambaa vyekundu mtu asiyaguse, yakauke tuvune mbegu.

Leo mkwe wangu, mke wa mwanangu, kanipakulia. Nikala, nikasifu, nikaongeza sahani! Ndipo nikauliza, mama, maharage matamu hivi umeyatoa wapi?

"Si yale uliyoyafunga vitambaa, baba! Nikajua umetuchagulia ya kula. Mengine yote yana kutu, ningekupaje wewe?"

Umetuchagulia ya kula! Sasa nimgombeze vipi, na midomo bado ina mafuta?

Nimekwenda mbio shambani. Kang'oa na mizizi. Nimepekua maganda jalalani, hakuna hata punje moja. Msimu wa tatu huu kutu inatumaliza, dawa tumepiga mpaka basi. Mashina kama yale sitayaona tena, umri wenyewe ndio huu.

Lile shamba ulilolitayarisha kwa mbegu yangu, panda mahindi tu, swahiba. Usinisubiri.