Mume Wangu Anamwendea Farasi Kama Ng'ombe

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Naomba unisaidie maana hapa sina wa kumwambia. Mume wangu Koisaba ni mfugaji wa upande wa Handeni, na tangu shamba la mkonge lilipotaifishwa ameajiriwa hapa karibu na Hale kukagua mkonge juu ya farasi aliyeachwa na Mzungu aliyekuwa mwenye shamba, kwa sababu meneja mpya alisema watu wetu wanajua wanyama, na ni kweli ng'ombe anawajua sana, lakini farasi si ng'ombe, mama, yeye anamjia kwa nyuma na kumpiga kofi la paja kama anamwingiza zizini, ameshapigwa teke la goti akachechemea siku nyingi, na farasi akilaza masikio mimi naogopa ila yeye anasema ametulia, eti ng'ombe akilegeza masikio ameshiba. Juzi upepo ulipeperusha khanga niliyoanika, farasi akashtuka akasimama kwa miguu ya nyuma, mume wangu akaanguka, kisogo kikakosa jiwe kidogo tu, na majirani walipokuja akawaambia ameshuka mwenyewe. Kofia ngumu ya kupandia ipo, inaning'inia bandani, lakini hataki hata kuigusa, anasema Mzungu aliivaa akiwatukana watu na yeye hataki kuitwa mkoloni mweusi.

Sasa Saba Saba inakuja na ameahidi mbele ya wenzake kwamba atapita uwanjani juu ya farasi, ngoma zikilia, binti yetu Nairesiae wa miaka sita akiwa amekaa mbele yake, na nisikufiche, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote, nimeshamshonea mtoto gauni, nilitaka wale wanaotuita watu wa porini watuone, lakini tangu siku ile ya khanga roho yangu haitulii, nikimkataza nitamwaibisha, na kwetu mwanamke hafanyi hivyo, nikinyamaza nako naogopa. Nifanye nini, mama?

Yuditha, Hale

Mama Mwaija anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hofu, na mpe mumeo pole ya goti. Ila nikuseme kidogo: hatari umeiona kwa macho yako, halafu ukakaa chini kushona gauni.

Mimi nilikulia kwenye kambi ya mkonge karibu na Mombo, penye farasi. Ng'ombe amezoea kuswagwa kutoka nyuma. Farasi akiguswa na mtu asiyemwona anadhani ni simba, na teke linatangulia. Mumeo amjie ubavuni, usawa wa bega, akimsemesha, kisha amshike shingo. Masikio yakilala nyuma kabisa, ana hasira au woga, basi arudi asimame mbali. Na mnyama aliyetishwa na khanga moja, unadhani atafanya nini mbele ya bendera na ngoma za tarafa nzima?

Kumjua ng'ombe ni ujuzi mkubwa. Amwombe meneja mtu wa kumfundisha mambo ya farasi, hilo halimpunguzii kitu.

Kuhusu kofia, mwulize hivi: shamba lilikuwa la Mzungu, leo ni letu, farasi naye vilevile, sasa kofia imekosa nini? Nayo ilitaifishwa. Aivae na aifunge kidevuni. Rangi ikimuudhi, aipake nyingine.

Mtoto hapandi. Hilo silijadili. Usiseme uwanjani, mwambie nyumbani akishakula, bila kumcheka. Mwambie ulivyojisikia ulipoona kichwa chake karibu na jiwe, maana katika barua yako yote sioni mahali ulipomwambia kwamba unaogopa kumkosa. Akikusikia, farasi abaki bandani siku hiyo na ninyi watatu mwende kwa miguu. Akikataa, nenda kwa meneja kabla ya sikukuu na useme wewe mwenyewe.

Atanuna. Mwache anune, umpikie hivyo hivyo. Mama yangu alitaka kumzuia baba asubuhi moja asipande farasi aliyekuwa na wasiwasi, akaona haya kwa sababu palikuwa na wageni. Baba alirudishwa juu ya machela akiwa maiti, na mama aliishi miaka mingi baada ya hapo akituambia maneno ambayo angemwambia baba asubuhi ile.