Jembe Nililikumbuka

Jumatatu, 2 Juni 1975
Nepi nne, uji, maji ndoo mbili. Zena analia tangu alfajiri. Ana miezi miwili, mimi miaka kumi na sita. Wenzangu wanajiandaa na mtihani wa darasa la saba. Mimi nilifukuzwa tumbo lilipoonekana. Silii tena. Silali pia, hata mtoto akilala.

Jumatano, 4 Juni
Shamba la kijiji, kupalilia mihogo. Wenye watoto tunawalaza kwenye kanga mwisho wa mstari. Kazi ilipoisha nikabeba jembe, nikarudi nyumbani. Nimeshaliosha, Mama akauliza, "Mtoto yuko wapi?" Mungu anisamehe, kwanza sikujua anamsema mtoto gani.
Jirani kamleta. Sauti imemkauka kwa kulia.

Alhamisi, 5 Juni
Kisimani wamenipa jina. "Mama Jembe, leo ndoo utaikumbuka?" Wakacheka. Nikacheka nao. Najichukia.

Ijumaa, 6 Juni
Mama kaamua. Nina shetani, nichezewe ngoma. Zena achukuliwe na shangazi Jumapili, akaishi kwake Gwata. Hakunigombeza, ndiyo maana naogopa.
Sijui kama nampenda mtoto huyu. Lakini akiondoka, mimi nimekwisha.

Jumamosi, 7 Juni
Nimemwamkia Mama, kisha nikasema: mtoto haendi. Ngoma nitachezewa mkitaka. Usiku alale kwako, shambani nimbebe mgongoni, chini simlazi tena. Na unipeleke zahanati, nikaseme mwenyewe kichwa changu hakiko sawa.
"Na wakisema una wazimu?"
"Waseme, Mama."
Akaendelea kumenya mihogo.

Jumapili, 8 Juni
Shangazi kafika na kapu la nguo za mtoto. Zena nimemfunga mgongoni, mafundo mawili. Mama kamkaribisha chai.
"Wifi, mtoto ananyonya. Akae na mama yake."
"Akimsahau tena?"
"Mimi simsahau," Mama kasema.
Shangazi kaondoka kanuna. Kapu kaliacha.

Jumatatu, 9 Juni
Zahanati. Muuguzi kauliza kama nimewahi kufikiria kumdhuru mtoto, au kujidhuru. Mtoto hapana. Mimi, ndiyo. Mama alikuwepo, kasikia. Kanishika mkono mpaka nyumbani. Nirudi kila Jumatatu.

Jumatano, 18 Juni
Nimelala mpaka kumekucha. Asubuhi bado nzito. Zena kanyonya, kashiba, kanitazama. Nyuma ya sikio la kushoto ana kidoti cheusi. Kila siku namwogesha, leo ndiyo nimekiona.