Jumatano za Kavira

Mama Jozefina,

Nakuandikia nikiwa na wivu, na sitauficha, maana wewe ulinijua tangu sijui kutia uzi kwenye sindano. Tangu tukuzike, Kavira, yule uliyemfundisha kushona pamoja nami, amefungua chumba chake hapahapa Murara, ng'ambo ya barabara. Natazamana na mlango wake kutwa nzima. Mimi nimebaki na chumba chako, mashine yako, na karatasi zako za vipimo kwenye msumari uleule. Sijahamisha kitu. Kiti chako nakipangusa vumbi tu, sikikalii.

Sasa sikia. Wamama wa kwaya, uliokuwa ukiwashonea kabla sijaja kwako, wamempelekea Kavira vikwembe vyao, vile vitenge vya sikukuu, awashonee. Kiongozi wao alikuja kuniambia mwenyewe, kwa adabu: "Masika, kazi yako iko muzuri, lakini tumezeekea ndani ya ile kola." Nikatabasamu. Alipotoka, nilijichoma sindano. Wale wakienda, wengine watawafuata, na chumba chako kitafia mikononi mwangu.

Unakumbuka Jumatano zako? Ulikuwa unaweka mkasi chini, kazi imejaa mezani, unajifunga kilemba na kusema: "Macho ikizoea ukuta, mikono inalala. Tutembee." Unaondoka na Kavira. Jioni mnarudi miguu vumbi tupu, mnacheka, hamkununua hata kifungo. Mimi nimeshona nguo nne. Nikasema moyoni, huyu anapendwa, mimi natumiwa. Uchungu huo nimeubeba mpaka kwenye matanga yako. Nilimwonea wivu hata kilio chake, Mama, maana alilia kama mtoto wa nyumba na mimi nilikuwa nagawa sahani.

Jumatano iliyopita nikamwona anafunga mlango. Nikafunga wangu, nikamfuata, nijue anakoiba mitindo. Nilidhani atateremka Himbi kutazama nguo za wenye pesa. Hapana. Alikwenda sokoni, akakaa juu ya gunia karibu na wauza viazi, hana karatasi wala simu mkononi. Mimi nikajificha nyuma ya rundo la kabichi, mtu mzima na akili zangu.

Mmoja wa wale wauza viazi ni mama wa kwaya. Mtoto wake akalia. Ili amnyonyeshe, ilibidi apandishe blauzi yote mpaka shingoni, tumbo wazi mbele ya watu, maana zipu iko mgongoni. Akageukia ukuta kwa aibu, na mteja wake akaenda kwa jirani. Niliitambua ile kola. Ni yangu. Miaka yote natia zipu nyuma kwa sababu wewe ulitia nyuma, na watu niliowashonea sijawahi kuwatazama popote ila mbele ya kioo chetu, wamesimama wima, bila mtoto mkononi.

Kavira aliniona. Hakucheka. Alisogea kidogo juu ya gunia akaniita kama dada yake mkubwa: "Yaya, kaa. Mama alisemaka ni wewe aliita wa kwanza."

Na ni kweli. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha. Jumatano ya kwanza kabisa uliniita mimi, nikakujibu bila kuinua kichwa: "Mama, nani atabakia na kazi?" Ulisimama mlangoni, ukangoja. Ndipo ukamwita Kavira. Kumbe nafasi niliyomwonea wivu miaka hii yote, niliikataa mwenyewe.

Sikukaa. Niliona haya, nikarudi nyumbani nalia njia nzima.

Jana nimekata blauzi mpya, ya kwanza ambayo haikutoka kwenye karatasi zako. Inafunguka mbele, kifuani, chini ya pindo, hakuna anayeona. Nitampelekea yule mama wa viazi. Kwaya wataiona wenyewe kanisani, na wakirudi au wasirudi, angalau sitakuwa nimelala.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Bado mlango wake ukifunguka nahesabu wanaoingia. Lakini nakuahidi: Jumatano ijayo nitavuka barabara, nisimame mlangoni kwa Kavira, na akiniambia ana kazi nyingi, nitangoja muda mrefu kuliko ulivyoningoja wewe.

Pumzika, Mama. Siku hiyo usinitafute kwenye mashine.

Masika wako