Mama, Wasizike Lile Tunda

Poland, siku mbili baada ya Krismasi

Mama yangu,

Kabla ya jambo lolote, magoti yanaendeleaje? Asubuhi za Sondu zina umande, na najua sokoni hukalii kiti, unakalia ndoo iliyopinduliwa, halafu jioni unasema ni uzee. Na kikohozi cha wifi yangu Atieno, kimepoa? Mimi mwili ni mzima. Kazi ya kiwandani ipo, mkono bado unashika kisu, chakula ninakula. Kama barua hii ingekuwa ya kujuliana hali tu, ningeishia hapa na sote tungelala vizuri.

Tafadhali isome peke yako kwanza. Ndiyo maana sikupiga simu. Simu yako, Mama, unaishika wewe lakini inasikilizwa na boma zima. Ukiipokea tu, Baba mdogo Ogola anasema weka spika. Kwa hiyo nimempa barua Mama Faith, yule mtu wa Ahero ninayekaa naye chumba kimoja, anayesafiri kesho. Atakuletea mkononi, pale pale sokoni, kabla wazee hawajakaa. Mpe samaki mzuri, amebeba mzigo mzito na hajui.

Kikao najua ni cha nini. Tangu kaka yangu Omondi aje huku na simu yake ikazimika, Krismasi zimepita na watu wamechoka kuuliza. Sasa Baba mdogo anataka, wakati ndugu wote wako nyumbani na kabla hawajarudi Nairobi, lizikwe tunda la yago mahali pa mwili usioonekana. Litavishwa shuka, litaliliwa kama mtu, Atieno atakuwa mjane, na boma litapumua. Wewe ukawaambia wangoje neno langu mimi Awuor, kwa sababu niko nchi hiyo hiyo.

Neno lenyewe ni hili. Nimemwona. Omondi yuko hai.

Sasa lia kwanza, nitakungoja. Ukimaliza, endelea kusoma, kwa sababu habari haikuishia hapo na mengine si ya kushangilia.

Krismasi ya huku, Mama, haina kelele. Saa kumi na moja jioni giza limeshakaa kitambo, barabara ni nyeupe kwa theluji na hakuna hata mtoto mmoja nje. Hakuna anayepita nyumba hadi nyumba akinusa chapati. Sherehe yenyewe ni usiku wa mkesha, kila familia imejifungia ndani, na usiku huo hawali nyama, wanakula samaki. Samaki wao ni wa bwawani, mnene kama ngege aliyezeeka. Hununuliwa mzima siku kadhaa kabla na hufugwa ndani ya beseni la kuogea. Nilipoambiwa nilicheka mpaka msimamizi akanikemea. Nikauliza, sasa watu wanaoga wapi? Danuta akajibu kwamba hawaogi.

Huyo Danuta ni mama wa makamo, mjane, ninayesimama naye bega kwa bega kiwandani. Tunaongea kwa Kiingereza cha kuokoteza na kwa mikono. Ndiye aliyenifikisha kwa Omondi bila kujua. Kazi yetu ni kutoa minofu; kichwa na mifupa hutupwa kwenye pipa, vinakwenda kuwa chakula cha wanyama. Siku moja mwezi huu nilimwambia kwamba kule Kisumu hayo anayotupa yanaitwa mgongo wazi, na wamama wanasukumana foleni kuyanunua. Akaacha kisu hewani. Akasema Krismasi iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa lao ambapo huwalisha watu wasio na makao, alikuja Mwafrika mmoja mrefu akakataa minofu na kuomba vichwa vilivyokuwa vinakwenda kutupwa. Alikula mpaka macho. Wakabaki wakimtazama.

Wanaokula kichwa cha samaki duniani ni wengi, nilijua hivyo. Lakini nilikuwa nimeuliza kila Mkenya ninayemfahamu huku na sikupata hata fununu. Nikamwomba Danuta mwaka huu aende na mimi kusaidia.

Basi mchana wa mkesha nikawekwa kwenye meza ya samaki, nimevaa aproni, napakulia watu. Wengi walikuwa wazee wa hapa hapa, macho mekundu, wapole sana. Vichwa nilivitenga kwenye sinia pembeni nikavifunika na karatasi. Watu wakala, wakapungua, moyo wangu ukaanza kusinyaa. Ndipo mtu akasimama mbele yangu amevaa koti la kike la zambarau, ndevu zimeingia mvi, mkono wa kushoto uko mfukoni. Alionyesha lile sinia kwa kidole kabla hata hajaniangalia usoni.

Halafu akaniangalia. Akasema "Awuor," taratibu, kisha akageuka kwenda mlangoni.

Niliruka ile meza, Mama. Sijui niliirukaje. Nikamkamata koti.

"Usinishike, ninanuka," akasema, kwa kile Kiswahili cha jikoni ulichotulea nacho ulipotoka Port Victoria hujakijua Kijaluo vizuri.

"Nuka tu," nikamwambia. "Keti chini ule."

Akakaa. Nikamletea sinia zima. Alikula kwa mkono mmoja, na alipotoa ule mwingine nikaona kwamba vidole vitatu havipo. Ni mashine ya kupasua mbao. Alisema walimfunga bandeji, wakamwambia apumzike, na aliporudi alikuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Karatasi za kukaa nchini zilikuwa za kazi ile ile, kazi ilipokwisha nazo zikaisha. Tangu hapo amelala stesheni, chini ya madaraja, na sasa kwenye nyumba ya kulala wasio na makao. Pombe anakunywa. Hakunificha, na hata angenificha pua ingeniambia.

Nikamuuliza swali ambalo wewe ungeuliza. Simu ilikuwa wapi?

"Simu nilikuwa nayo," akasema. "Wiki ya kwanza nikasema, wacha nipate kazi kwanza ndio nipige. Mwezi ukaisha. Sasa mwaka ukipita, nyamera, utapiga useme nini? Halo, ni mimi?"

Ananiita nyamera, dada yangu, kama zamani, na mimi nikawa sijui nimkumbatie au nimrushie sinia.

Nikamweleza habari ya yago. Nilidhani atashtuka. Badala yake aliweka mfupa chini, akafuta vidole, akauliza, "Lini?"

"Wiki ya mwaka mpya, watu wakiwa bado nyumbani."

"Basi wacha wazike."

Nikamwambia hajui anachosema.

"Najua. Atieno ni msichana bado, atapata mtu. Mama atalia, halafu ataacha. Saa hii si analia kila siku? Niambie kama ni uongo."

Si uongo, Mama.

"Omondi, wakishakuzika hutarudi," nikamwambia. "Hata ukisimama langoni na miguu yako miwili, watu watakukimbia kama mzimu. Hakuna atakayekula na wewe sahani moja. Boma la Baba litakuwa si lako."

"Hiyo ndiyo nataka," akasema. "Kila siku nikiamka najiambia leo nitaenda nyumbani. Kila siku. Nimechoka na hiyo leo. Nikijua mlango umefungwa, nitalala. Waambie uliona kaburi langu. Tafadhali, nyamera."

Mama, nilimpiga kofi. Kwenye ukumbi wa kanisa, mkesha wa Krismasi, mbele ya masista na mti wao wa taa. Yeye akashika shavu, akatabasamu kidogo, akasema, "Bado una mkono wa Mama." Kisha akauliza kama bado unauza Sondu. Nikamwambia bado unauza, na kwamba wazee walipokuletea habari ya kuzika ulisimama ukawaambia hukuzaa tunda. Alijifunika uso kwa lile koti la zambarau. Mabega yalikuwa yanatingishika. Mimi nikakaa pembeni yake nikila kichwa kilichobaki, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu.

Tulipoachana alinitaka niape kwamba nitakuandikia amekufa. Sikuapa. Nilimwambia nitakuja kesho kwenye nyumba anayolala, tuongee ubalozini, tutafute namna. Alisema sawa. Alisema haraka sana, na nilipaswa kujua.

Jioni nilikwenda kwa Danuta, nilikuwa nimeahidi. Walivunja kipande cha mkate mwembamba kama wa komunyo wakanitakia heri, kila mmoja kwa zamu, nami nikatikisa kichwa kwa lugha nisiyoielewa. Mezani palikuwa na sahani moja na kiti kimoja bila mtu. Nikauliza ni nani amechelewa. Danuta akanieleza kwamba hakuna, kila nyumba huweka nafasi moja usiku huo kwa ajili ya mtu yeyote atakayebisha hodi, au kwa yule ambaye hayupo. Hapo nilishindwa. Nililia mpaka watoto wake wakubwa wakaacha kula. Nilikuwa nimemwacha Omondi arudi kwenye baridi wakati kiti kipo, kwa sababu sikuuliza.

Asubuhi ya Krismasi nilikwenda kwenye hiyo nyumba kwa miguu, mabasi ni ya kubahatisha siku hiyo. Mzee wa mlangoni alinionyesha kitanda kilichotandikwa. Omondi alikuwa ameondoka alfajiri na mfuko wake. Nilikwenda stesheni, nikaenda kwenye madaraja, nikauliza watu waliolala juu ya maboksi, nikimwonyesha kila mmoja picha ile ya harusi yake. Jana nilirudi tena kote huko. Usiku huu theluji inaanguka na sijui amelala wapi. Ninaogopa, Mama. Nakwambia wazi kwamba ninaogopa.

Niliporudi chumbani nilifikiria kweli kukuandikia uongo aliouomba. Ningekupa kaburi la kupalilia na siku ya kuacha kulia. Atieno ningemfungua. Baba mdogo angeridhika. Nilianza hata kuandika, nikafika "Mama, jipe moyo," nikachana karatasi. Yeye anaomba kuzikwa kwa sababu amechoka, na mtu aliyechoka hivyo hapewi kila anachoomba. Siku atakayotaka nyumbani, iwe mwakani au akiwa mzee, nataka awe na mahali pa kuingilia.

Kwa hiyo nisikilize. Kikaoni usiwaachie wanaume waanze. Simama useme yuko hai, Awuor amemshika kwa mkono wake. Usiongeze neno. Ya vidole na ya pombe yaache, hayo ni ya nyumba yetu. Wakiuliza anarudi lini, sema hujui, kwa sababu hata mimi sijui. Baba mdogo akisema nimedanganya ili kukutuliza, mwambie anipigie mwenyewe, na aweke spika.

Atieno mwambie yote, hata lile la kofi. Mume wake hajafa, na harudi karibuni. Yote mawili ni kweli na ana haki nayo. Akiamua kurudi kwao, usimzuie na usimnunie. Wa kulaumiwa yuko huku, nikimpata nitamlaumu mimi.

Nisalimie shangazi yetu wa kwaya, mwambie nyimbo zao za huku zinaimbwa kama watu wamelala. Nisalimie mzee katekista, aniombee, na jirani yetu anayekulimia kwa ng'ombe wake. Baba mdogo pia msalimie, sina ugomvi naye. Alimpenda Omondi kwa namna yake na anataka tu jambo liishe.

Jambo moja la mwisho. Inawezekana Mama Faith akachelewa, ukasoma haya wakati shimo limeshachimbwa. Najua mila haitaki shimo lifukiwe tupu. Basi wazike kitu kingine, wazike mgomba, wazike jiwe, kitu chochote wanachoona kitaridhisha ardhi. Lakini ikifika pale pa kumtaja anayezikwa, Mama, piga kelele, uzibe mtu mdomo kama ni lazima. Jina la Omondi lisishuke mle. Lina mwenyewe, na mwenyewe anatembea.

Binti yako anayekupenda,
Awuor