Maikrofoni Niliyoiweka Mbali

Mpendwa Wambui,

Sijamwambia mtu hili. Nilipomaliza shule, mjomba aliniambia nichague maikrofoni moja ya redio yake ya kuongea na watu wa mbali iwe zawadi yangu. Nilichagua ile kubwa ya mezani ili isikaribie mdomo wangu, maana niliionea aibu sauti yangu, lakini nikamwambia ina sauti safi.

Hapa Gatuanyaga tu wazima. Cucu, yaani nyanya, anakusalimia, nami pia, ambaye unaniita cucu kwa kuwa nina jina lake. Umeuliza klabu yenu ya redio ichukue maikrofoni gani.

Siku yangu ya kwanza hewani, mjomba akiwa kando yangu, niliisukuma mbali na kuongeza nguvu yake ya kunasa sauti hadi mwisho. Mzee mmoja wa Ruiru akajibu, "Jogoo wako ana leseni? Namsikia kuliko wewe, mami." Nilitaka kuzima nisirudi tena.

Mjomba akanipa yake ndogo ya mkononi. "Vidole viwili kutoka mdomoni, pembeni kidogo, pumzi isiipige. Na upunguze nguvu."

Nikasema jina langu kwa sauti yangu hii hii ndogo.

"Sasa nakupata," akasema mzee.

Chukueni ya mkononi. Lakini tafadhali, usimwambie mjomba kwa nini niliitaka ile kubwa. Yeye bado huipangusa vumbi kila Jumamosi.